Chungu cha Mgeni

Juzi, kwa mjukuu wangu hapa Izia, mjini Sumbawanga, bakuli la kioo lilipasuka juu ya jiko la gesi. Pa! Mchuzi wa kuku ukamwagika mpaka sakafuni, na wageni waliokuwa wakicheka sebuleni wakanyamaza wote kwa pamoja. Mjukuu akajifunika uso na khanga. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda mlangoni, nachambua maharage, na sikuinuka kumsaidia. Miguu ilinikatalia. Ule mlio, na ile harufu ya mchuzi unaoungulia pasipo chombo, vilinichukua vikanirudisha kijijini Mollo, jikoni kwa mama, mwaka ambao nilikuwa mtoto wa darasa la nne na mvua haikutaka kukatika.

Mimi sikusoma sana. Naandika kama ninavyosema, na anayetaka maneno ya mapambo ayatafute kwingine.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Siyo wa kubahatisha. Wanawake walitoka vijiji vya mbali, watoto mgongoni, kuja kuchukua vyungu vyake, na wengine walilipa kwa ulezi, wengine kwa kuku, wengine walilipa kwa maneno mpaka msimu wa mavuno. Alikuwa mkali kama mimi nilivyo sasa. Kabla hajakitoa chungu mkononi mwake alikigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio. "Chungu kizima kinaitika," alisema. Kisichoitika alikivunja yeye mwenyewe pale pale, mteja akitazama, na vigae vyake akavitwanga kuchanganya na udongo wa vyungu vingine. Nilijivunia hiyo. Nilikuwa nawaambia watoto wenzangu kwamba mama yangu anaongea na vyungu.

Sasa, shule yetu iliishia darasa la nne. Aliyetaka kuendelea ilibidi apate mahali pa kukaa mjini Sumbawanga, na sisi mjini hatukuwa na ndugu. Lakini baba alikuwa akiuza ulezi kwenye duka la mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye malori, na mke wake, Mama Zuhura, alikuwa na mtoto mchanga. Akamwambia baba: mlete binti yako, atakwenda shule asubuhi, mchana atanisaidia. Ila mimi sichukui mtoto wa watu kabla sijaona anakotoka. Nitakuja kwenu, nile kwenu, nimjue mama yake.

Baba alipotuletea habari hiyo niliacha ugali sahanini. Nilitaka kwenda mjini kuliko nilivyowahi kutaka kitu kingine. Nilikuwa nimewaona wasichana wa mjini mara moja, siku ya sikukuu, na soksi zao nyeupe, na tangu siku ile nilipochota maji nilitazama miguu yangu nikaichukia.

Lori lingepanda kuja kuchukua ulezi, na yeye angepanda nalo. Mama alipewa siku za kujiandaa, na siku zote hizo zilikuwa za mvua.

Nyie wa siku hizi mnanunua rangi dukani. Mama alishuka bondeni na jembe akachimba udongo mweupe, akaukoroga majini mpaka ukawa kama maziwa mazito, akausiliba ukutani kwa kiganja. Chini akapaka udongo mwekundu. Katikati, weupe ulipokutana na wekundu, alichovya vidole vitatu kwenye majivu na mkaa uliosagwa, akachora maua na mistari ya mawimbi kuzunguka chumba kizima bila kuinua mkono. Sakafu akaisiliba kwa kinyesi cha ng'ombe. Magazeti yaliyokuja yamefunga sukari aliyakunjua, akayanyoosha chini ya godoro, akayakunja upya na kuyakata kwa wembe, maana mkasi hatukuwa nao, yakatoka na matundu ya nyota na meno ya msumeno. Tukayaning'iniza ukingoni mwa rafu. Mfuko mweupe wa unga ulifumuliwa ukawa kitambaa cha meza, na sweta ya baba iliyochakaa ikafumuliwa ili itoe nyuzi za kutarizia ndege. Uzi mwekundu uliisha kabla ndege hajakamilika. Akapata mguu mmoja mwekundu na mmoja wa kijani. Mama alimtazama yule ndege, akasema, "Atasimama tu."

Kazi yangu ilikuwa sufuria. Tulikuwa nalo moja tu, baba alilinunua Krismasi, na siku ile ile tulilipikia nguruwe, nyumba nzima ikanukia mafuta mpaka mwaka mpya. Nililisugua kwa majivu na mchanga, nje na ndani, mpaka nikaona meno yangu. Nikalitundika ukutani juu ya yale maua, mahali ambapo mgeni angeliona akiingia tu. Nikajua hapo nimemaliza. Nyumba yenye sufuria ni nyumba ya watu.

Mama alipoingia akalitazama, akalitungua, akatoka nalo, akalisukumiza nyuma ya kihenge cha mahindi.

"Mama, ndilo tutakalompikia mgeni!"

"Hilo halifai."

"Halifai nini? Si linang'aa?"

"Nimesema halifai."

Kisha akafanya jambo lililonishangaza zaidi. Vyungu vyetu vyote vya kupikia, vyeusi kwa masizi, akavitoa jikoni akavipanga nje chini ya upenu, vimeinama kama watu waliofiwa. Akachukua udongo, akaketi, akaanza kufinyanga chungu kipya.

Jirani yetu Mama Felisi, mwanamke mwenye kicheko kinachofika kabla yake, alipita kuomba moto akamkuta.

"We Mama Yustina, umerogwa? Unafinyanga masika?"

"Nafinyanga."

"Kitakauka wapi? Kwapani?"

"Kitakauka."

"Chukua changu basi, chungu changu kikubwa. Si ulikifinyanga mwenyewe?"

Mama aliendelea kulainisha shingo ya chungu kwa gunzi la mahindi, na Mama Felisi akaondoka na kaa lake la moto akitikisa kichwa. Mimi nilimwonea haya mama yangu. Nilijiuliza ni mwanamke gani anayemkataa jirani, anaficha sufuria zima, halafu anajitia kazi ambayo hata mtoto wa mfinyanzi anajua kwamba haifanyiki mvua ikinyesha.

Chungu kinataka kivuli na upepo, na subira ya siku nyingi. Chetu kilikaushwa darini juu ya moshi, kikigeuzwa geuzwa kama mkate. Siku ya kukichoma, kinyesi kikavu cha kuchomea kilikuwa kimepata unyevu, nyasi zilitoa moshi kuliko moto, na tuliukinga moto wenyewe kwa bati la choo, baba ameshika upande huu na mimi upande ule, matone yakituingia shingoni. Kikatoka. Kilikuwa na uso mzuri, wekundu kama wa ngozi ya mtu, na doa jeusi ubavuni. Mama alikimwagia uji mwepesi wa ulezi kingali cha moto ili kuziba vitundu, kikalia chwaa.

Kilipopoa alikigonga.

Nilikuwa karibu, nilisikia. Hakikuitika. Kilitoa mlio wa kibuyu chenye maji. Mama aliinamisha sikio, akagonga tena, upande mwingine, taratibu. Nilingoja akivunje. Akakifuta kwa kiganja, akakiweka kando ya mafiga.

Mama Zuhura alifika kwenye mwanya wa jua, lori limejaa tope mpaka kwenye taa. Mwanamke mnene, mweupe wa sura, buibui jeusi, hina mikononi, na harufu ya udi iliyoingia ndani kabla ya miguu yake. Alikuja na dereva, Mzee Athumani, mwenye kofia na maneno mengi. Nikapiga goti, "Shikamoo mama," akanishika kidevu, "Marahaba, ndiye wewe? Mbona mwembamba hivi, utabeba mtoto wangu au yeye akubebe?" Nikampenda hapo hapo.

Mama alikuwa na Kiswahili kidogo, na siku ile hata hicho kidogo kilimkimbia. Alimletea Mzee Athumani jogoo na maji ya kuoshea kisu. "Baba, tusaidie kuchinja." Hilo la kuchinja nililijua. Kila nyumba ya Wakristo ilijua kwamba mgeni Mwislamu, kuku wake anachinjwa na Mwislamu mwenzake. La chungu sikuliunganisha. Nilikuwa mtoto, na kichwa changu kilikuwa kwenye soksi.

Mama Zuhura alitazama rafu, akatazama kitambaa. Alicheka kwa yule ndege, kicheko kizuri, akasema huyu amepita kwenye bustani za watu wawili. Akaketi, akaegemea ukuta. Mimi nilitaka kusema usiegemee, mama, haujakauka.

Jikoni mchuzi ulikuwa umeanza kuchemka. Mama Felisi alikuwa amekuja kusaidia, yaani kuona. Nilikuwa nimechuchumaa karibu na mafiga nikichochea, ndipo kikapasuka.

Siwezi kuuandika ule mlio. Ulikuwa kama bunduki, kisha kama mtu anayepumua kwa nguvu. Mvuke na majivu vilipanda mpaka darini, moto ukazimika, vipande vya jogoo vikabaki kwenye matope ya majivu, na shingo ya chungu ikazunguka sakafuni yenyewe, ikazunguka, ikalala. Mama alisimama na mwiko mkononi. Majivu yalikuwa yamempaka nyusi.

"Mfinyanzi mzima, jamani!" Mama Felisi alisema, kisha akacheka. Hakuwa mtu mbaya. Kicheko kilimtoka kama chafya. Lakini kilisikika nje, na nje walikuwapo watu waliokuja kutazama lori, nao wakacheka, na mmoja akauliza kwa sauti kama mgeni atakula masizi.

Nilikimbia. Nilikwenda nyuma ya kihenge, nikakaa kwenye tope, na pale nikakutana na sufuria. Lilikuwa limeegemea nguzo, zima, kavu, linang'aa. Niliona uso wangu ndani yake, umetanuka, una machozi na masizi. Nikalia kwa hasira. Nilijua mjini ndiyo basi. Nilijua pia kwamba mtu aliyeniharibia ni mama, kwa ukaidi wake, kwamba alitaka kumwonyesha mgeni ufundi wake na ufundi wenyewe ukamvua nguo mbele za watu. Kama ardhi ingekubali ningeingia.

Nikasikia sauti ya Mama Zuhura jikoni. Kuta za kihenge na jiko ziliachana mkono mmoja tu, na nilisikia yote.

"Mama Yustina, umeungua?"

"Hapana, mama."

"Chungu hiki ni kipya?"

"Kipya."

"Umekifinyanga juzi juzi, kwa mvua hii?"

Mama hakujibu. Baadaye sana nilielewa kwamba hapo Mama Zuhura alikuwa akitazama nje kupitia mlango wa jiko, kwenye upenu, ambapo vyungu vyetu vya zamani vilikuwa vimepangwa vimeinama, vizima vyote.

"Una karanga?" aliuliza.

"Zipo."

"Na mahindi makavu?"

"Yapo."

Nilichungulia. Yule mwanamke wa mjini alikuwa amekunja buibui lake magotini, amechuchumaa kwenye majivu, anachagua vigae. Alichukua kile kikubwa, kipande cha tumbo la chungu kilichojikunja kama kiganja, akakipangusa, akakiweka juu ya mafiga. "Washa moto, dada," alisema. Mama akawasha. Akamwaga karanga, kisha mahindi, akayageuza kwa kijiti, yakaanza kuruka na kunukia. Wakala hapo hapo jikoni, yeye na mama, wakichota kwenye kigae kile kimoja, na Mzee Athumani akapelekewa zake kwenye ungo.

Mimi kwangu huo ndio ulikuwa mwisho wa aibu. Mgeni wa udi na hina kalishwa mahindi ya kukaanga, chakula cha watoto wanaofukuza ndege shambani! Sikula. Nilipoitwa nilisema tumbo linauma.

Alipoinuka kuondoka, mgongo wake wote ulikuwa mweupe. Maua ya mama yalikuwa yamehamia kwenye buibui, na mstari wa mawimbi ukapita mabegani.

"Mama," Mzee Athumani alisema, "umebeba ukuta wa watu."

"Niache nao," alijibu bila kugeuka. "Nitaupanga sebuleni kwangu." Kisha akamwambia baba, "Mtoto ajiandae. Lori likirudi wiki ijayo aje."

Watu walishangilia. Mama alitazama chini. Mimi nilijua kabisa nimechukuliwa kwa huruma, kama anavyochukuliwa paka aliyenyeshewa, na hata soksi nilizozipata baadaye nilizivaa na wazo hilo ndani yake.

Mama alibaki Mollo na jina jipya. Msimu ule wanawake waliokuja kuchukua vyungu walivigonga wenyewe mbele yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulithubutu. Wengine walikwenda kwa wafinyanzi wa vijiji vingine. Ulipotokea utani kisimani, ulikuwa ni wa chungu kilichomlia mgeni kuku. Nilipokuja likizo niliusikia, nikazunguka njia ya mbali kuchota maji.

Kwa Mama Zuhura nilikaa vizuri. Sina neno baya la kusema juu ya nyumba ile. Siku moja wifi yake alikuja kutembea, akanikuta uani nachambua mchele, akaingia ndani na kuuliza, hakujali kama nasikia: "Huyu mtoto wa wakulima wa huko juu, walaji wa nguruwe, unamwachia vyungu vyako vyote?"

Nikauweka ungo chini nisikie vizuri.

"Unajua mama yake alinifanyia nini?" Mama Zuhura alisema. "Ni fundi wa vyungu, nchi nzima ile inamjua. Alitoa vyungu vyake vyote nje kwa sababu vimepika vitu visivyoliwa na sisi, akanifinyangia kipya, mvua inanyesha. Kikampasukia mbele za watu. Wakamcheka, na mdomo wake hakuufungua kusema ni kwa ajili yangu. Angeweza kunipikia kwenye chombo chochote, mimi ningejuaje? Mimi huyo mtoto wake nisimwachie vyungu?"

Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Tena wala isingehitajika. Chombo kikioshwa vizuri ningekula. Lakini yeye hakuniuliza, na mimi baada ya hapo ningemwambia kwa mdomo gani?"

Nilichambua mchele ule mpaka nikawa natupa mchele na kubakiza mawe. Nilikumbuka sufuria. Nilikumbuka Krismasi, mafuta ya nguruwe, na mimi ninavyosugua kwa majivu nikiona meno yangu, na mama anavyosema halifai. Alikuwa akiniambia ukweli wote kwa neno moja. Na asingeweza kumwambia mgeni, maana kumwambia ingekuwa ni kumtajia vitu hivyo kabla ya kula, na kujionyesha mwenyewe kwamba nitazame, nimekuhangaikia. Mama hakuwa mtu wa kujionyesha. Aliona afadhali aonekane hajui kazi yake.

Shule niliiacha darasa la saba, nikaolewa, na hayo ni mengine. Ila nilipokuwa nimekwishazaa mara mbili nilikwenda Mollo, nikamkuta mama amezeeka, analainisha shingo ya chungu kwa gunzi lile lile. Nikaketi karibu yake. Nilikuwa nimebeba maneno mengi njiani. Yaliyotoka yalikuwa haya:

"Mama, kile chungu cha Mama Zuhura. Ulikigonga. Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulikiinjika motoni?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtu asiyekuwa na akili.

"Mgeni alikuwa ameshafika," alisema. "Ulitaka nimpikie kwenye nini?"

Akaniambia nisogee nisimzibie mwanga. Nikasogea. Sikumwambia mambo ya nyuma ya kihenge, wala hasira yangu, wala njia ya mbali ya kisimani, na sasa ameshalala udongoni, mahali nisipoweza kumwambia. Nikipita Mollo huwa nageuza uso upande wa pili wa gari.

Juzi, basi, mjukuu alipojifunika uso na khanga, wageni wakiwa kimya sebuleni, niliishika miguu yangu kwa nguvu mpaka ikakubali. Nikainuka. Nikafagia vioo. Nikamwambia, "Toa uso wako huko, mama. Tafuta karanga."

"Bibi, karanga kwa wageni hawa?"

"Tafuta karanga," nilisema. "Mimi nitakwenda kukaa nao."